Kombora Limepiga, Mbona Meli Bado Inaelea? Kuelewa Uharibifu Katika Michezo ya Vita vya Majini

Mchezaji mgeni wa World of Warships, mchezo wa kompyuta wa vita vya majini, anapoipata Yamato, manowari kubwa ya Japani, kwa mara ya kwanza, hukutana na jambo linalomvuruga. Analenga vizuri, anafyatua mizinga ya milimita 460, na makombora matatu yanampata adui. Kwenye skrini zinapanda namba tatu: 1,480, halafu 4,884, halafu 14,800. Mzinga ni uleule, kombora ni la aina ileile, na meli iliyopigwa ni moja. Wengi hukata shauri kwamba mchezo unabahatisha tu. Bahati ipo kweli, lakini iko kwenye namna makombora yanavyotawanyika angani. Kombora likishagusa chuma, kinachofuata ni hesabu, na hesabu hiyo inaeleweka.

Kinachowapotosha watu ni ule mstari wa kijani juu ya meli. Unaonyesha uhai kama kitu kimoja kinachopungua, Yamato ikianza na pointi 97,200, na macho yanauzoea hivyo. Lakini nyuma ya mstari huo mchezo umeigawa meli vipandevipande: omo (mbele), tezi (nyuma), sehemu ya katikati, majengo ya juu ya sitaha, na ndani kabisa ile sehemu yenye mitambo na maghala ya baruti ambayo wachezaji huiita sitadeli, yaani ngome. Kila kombora linapotua huulizwa maswali mawili. Je, limeingia? Na kama limeingia, limelipukia wapi?

Tuanze na kombora la kutoboa deraya, yaani mabamba ya chuma yanayoikinga meli. Kila kombora lina kiwango cha juu cha madhara linachoweza kuleta, na kwa Yamato kiwango hicho ni 14,800. Likilipuka ndani ya ngome, adui anapoteza chote. Likilipuka ndani ya meli lakini nje ya ngome, anapoteza asilimia 33, ndiyo hiyo 4,884. Likiingia ubavu huu na kutokea ubavu wa pili bila kulipuka, anapoteza asilimia 10 tu. Likidunda, hapotezi kitu. Hapo fumbo la namba tatu limekwisha. Kazi ngumu ni kujua kwa nini kombora moja huingia ngomeni na jingine hupita tu.

Kuingia kunategemea unene wa bamba na pembe. Kombora likigonga bamba moja kwa moja, linatumia nguvu yake yote. Bamba likiwa limeinama, kombora linalazimika kusafiri ndani ya chuma kwa mshazari, na chuma cha milimita 300 kinakuwa kama kimenenepa. Mchezo umeweka mipaka hapa. Kwa makombora ya kawaida, mkengeuko wa chini ya nyuzi 45 kutoka kwenye pigo la moja kwa moja hauleti kudunda. Kati ya 45 na 60 kuna uwezekano wa kudunda. Ukizidi 60, kombora linadunda tu. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hawamwonyeshi adui ubavu. Wanamgeuzia omo kidogo, kiasi cha mizinga ya nyuma kuweza kufyatua, na makombora yanateleza juu ya deraya yao.

Ila kuna kanuni inayobatilisha ujanja huo wote, nayo ndiyo iliyowaliza wachezaji wengi wasiojua kilichowapata. Kipenyo cha kombora kikizidi unene wa bamba mara 14.3, pembe haihesabiwi tena. Kombora linaingia tu, hata likija kwa mshazari wa ajabu. Sasa tazama inavyofanya kazi. Manowari kuu (zile kubwa zenye deraya nene) nyingi za ngazi za juu za mchezo zina omo yenye bamba la milimita 32. Zidisha 32 kwa 14.3, unapata 457.6. Mzinga wa Yamato ni milimita 460, kwa hiyo unapita. Vermont ya Marekani na Conqueror ya Uingereza, ikiwekewa mizinga yake mikubwa zaidi, zina mizinga ya milimita 457. Tofauti ni milimita tatu, lakini makombora yao yanadunda pale ambapo ya Yamato yanazama ndani. Kwa maoni yangu hii ndiyo namba muhimu kuliko zote katika mchezo huu. Anayeijua hujua ni adui gani anaweza kumwelekezea omo bila wasiwasi na ni yupi wa kumkimbia.

Sasa swali la pili. Kombora la kutoboa lina kichocheo kinachosubiri. Lingelipuka palepale lilipogusa deraya, lingebaki nje, kwa hiyo hucheleweshwa kidogo ili liingie kwanza. Katika World of Warships ucheleweshaji wa kawaida ni sekunde 0.033. Inaonekana kama hakuna kitu, lakini kombora linalokwenda mita 500 kwa sekunde linasafiri zaidi ya mita 16 katika muda huo, na meli nyembamba haina upana huo. Tena kichocheo hakiamki mpaka kiguse chuma cha unene fulani, takriban sehemu moja ya sita ya kipenyo cha kombora. Kwa Yamato ni kama milimita 77. Bamba la destroya, yaani manowari ndogo yenye kasi, halifiki hata milimita 30. Kombora linapita kama halikuona meli, linaacha matundu mawili, na linaangukia baharini upande wa pili.

Wapo wanaoona kanuni hii ni ya kuwapendelea wenye meli ndogo. Historia inawajibu. Tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar huko Ufilipino, kikosi cha Wajapani kilichokuwa na Yamato yenyewe kiliwakuta Wamarekani wenye meli ndogo za kubebea ndege, zisizo na deraya, zikilindwa na destroya chache. Wajapani walianza kwa makombora ya kutoboa deraya, na mengi yaliyopiga yalipita moja kwa moja bila kulipuka. Meli kadhaa zilizotobolewa namna hiyo ziliondoka zikiwa hai. Gambier Bay ilizama, lakini kikosi kilichopaswa kufutwa kabisa kiliokoka kwa sehemu kubwa. Mbele ya meli nyembamba, kombora la mlipuko wa kawaida lina faida zaidi.

Kombora la mlipuko lina kanuni nyepesi. Linalipuka likigusa, uwezo wake wa kutoboa kwa kawaida ni sehemu moja ya sita ya kipenyo chake, na pembe haina maana kwake. Silaha yake halisi ni moto. Manowari kuu ikishika moto hupoteza asilimia 0.3 ya uhai wake kila sekunde, na moto usipozimwa huwaka sekunde 60. Hiyo ni asilimia 18 kwa moto mmoja, na meli inaweza kuwaka sehemu nne kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu kruza (manowari za ukubwa wa kati) ndogo zenye mizinga ya milimita 152 huangusha manowari kuu bila kutoboa deraya yake hata mara moja.

Hapa pana kosa la kila siku. Mchezaji anaona moto mmoja, anaita kikosi cha dharura, kile kinachozima moto na kuziba matundu, palepale, moto unazimika. Kikosi kikiwa mapumzikoni, unakuja moto wa pili na wa tatu, au topedo inapasua ubavu na maji yanaingia, na hana la kufanya. Uharibifu wa moto ni miongoni mwa ule unaorudishika zaidi. Zamu ya ukarabati, ile inayoirudishia meli uhai, inaweza kuurudisha wote, huku uharibifu wa kombora lililotoboa ukirudishwa nusu na ule wa ngomeni kwa manowari kuu nyingi ukirudishwa asilimia 10 tu. Moto mmoja unavumilika. Kikosi cha dharura wekea moto wa pili, au maji.

Kuna jambo la mwisho kwenye mchezo huu ambalo huonekana kama hitilafu. Unapiga majengo ya juu ya meli mara nyingi, na ghafla namba zinashuka, kisha zinakuwa sifuri ingawa kombora limeingia. Sehemu hiyo imekwisha. Kila kipande kina fungu lake la uhai, na kikishateketea hakitoi tena. Hamisha lengo, piga omo au tezi, au tafuta ngome, ambayo haichoki kutoa madhara yake yote.

Hadi hapa tumezungumzia meli ambayo, ikibakiwa na pointi moja, inapiga na kukimbia karibu sawa na ilipokuwa mpya. Mchezo wa mapigano ya dakika 20 unahitaji hivyo. Lakini anayetoka hapo na kuingia kwenye mchezo wa mikakati kama Rule the Waves 3, uliotoka mwaka 2023, anakuta dunia nyingine. Humo wewe ni mkuu wa jeshi zima la majini, kuanzia 1890 hadi 1970. Unachora meli, unaomba fedha serikalini, na zikipigana unaziona kama alama ndogo juu ya ramani. Na uharibifu hauna mstari mmoja. Unahesabiwa kwa vipimo viwili: uharibifu wa muundo, na uharibifu wa uwezo wa kuelea.

Kutenganisha vitu hivyo viwili ndiko kunakoufanya mchezo huu ukaribie bahari ya kweli. Meli inaweza kuwa imeungua juu, minara ya mizinga imekufa, madaraja ya uongozi yamesambaratika, na bado ikaelea kwa saa nyingi kwa sababu chini ya mstari wa maji ni nzima. Nyingine inaweza kuonekana safi kabisa huku ngamani maji yakipanda. Kabla ya kuamua lolote, tazama kwanza kuelea, halafu kasi, na muundo uje mwisho.

Pigano moja linaonyesha haya yote vizuri kuliko maelezo yoyote. Asubuhi ya tarehe 24 Mei 1941, katika mlangobahari wa Denmark kati ya Greenland na Iceland, Bismarck na Prinz Eugen za Ujerumani zilikutana na Hood na Prince of Wales za Uingereza. Dakika chache baada ya pigano kuanza, Hood ililipuka. Ghala la baruti la nyuma lilikuwa limewaka. Meli ilikatika na kuzama ndani ya dakika kama tatu, na kati ya watu 1,418 waliokuwamo waliokolewa watatu. Hilo ndilo pigo la ngomeni katika maana yake ya kutisha.

Lakini kabla ya Prince of Wales kujitoa, makombora yake matatu yaliipata Bismarck. Moja, la milimita 356, liliingia kwenye omo na kutokea upande wa pili bila kulipuka. Kwa hesabu ya World of Warships hilo ni asilimia 10, namba ambayo mchezaji haigeukii mara mbili. Baharini ilikuwa hivi: maji kama tani 2,000 yaliingia kupitia matundu hayo, omo ikainama, kasi ikashuka, na karibu tani 1,000 za mafuta yaliyokuwa mbele zikawa hazifikiki. Nyuma ya meli mafuta yaliyovuja yakachora mstari baharini. Bismarck ilikuwa imetumwa kuwinda misafara ya meli za mizigo katika Atlantiki. Admirali Günther Lütjens, aliyekuwa ameshinda pigano saa chache tu kabla, aliachana na kazi hiyo na kuelekea Ufaransa kutafuta ukarabati. Tarehe 26 Mei topedo ya ndege kutoka Ark Royal, meli ya Uingereza ya kubebea ndege, ikakwamisha usukani. Siku iliyofuata, meli isiyoweza kwenda inakotaka ilizungukwa na kuzamishwa.

Kombora lililoanzisha mwisho wa Bismarck halikulipuka. Kwangu mimi hapa ndipo maana ya uharibifu inapokaa: tazama kile ambacho meli haiwezi tena kufanya. Haiwezi kukimbia? Haiwezi kugeuka? Mafuta hayatoshi kufika bandarini? Meli yenye asilimia 80 ya uhai na usukani uliokwama imeshauawa, ila haijazama. Nyingine yenye asilimia 30 na mitambo mizima inaweza kurudi nyumbani na kupigana tena.

Wachora meli wageni katika Rule the Waves hupenda kurundika mizinga mingi na deraya nene ya ubavuni, wakasahau njia ya moto kutoka mnarani hadi ghalani. Mnara wa mzinga si kichwa tu juu ya sitaha. Una shimo linaloshuka hadi kwenye baruti, na kombora likiwasha baruti iliyo juu, mwali unaweza kuteremka. Tarehe 24 Januari 1915, katika pigano la Dogger Bank, kombora la meli ya Kiingereza Lion liliuingilia mnara wa nyuma kabisa wa Seydlitz ya Ujerumani. Moto ulipita mlangoni hadi mnara wa jirani, yote miwili ikateketea na kuua watu 159. Meli iliponea chupuchupu kwa sababu maghala yalifunguliwa maji kwa wakati. Wajerumani walirekebisha utunzaji wa baruti yao. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Mei 1916 huko Jutland, Waingereza walipoteza Indefatigable, Queen Mary na Invincible, zote kwa mlipuko wa ghala. Seydlitz ileile ilipigwa kwa makombora mazito 21 na topedo moja, ikanywa maji zaidi ya tani 5,000, na ikafika nyumbani.

Ilifika, lakini ilikaa kwenye ukarabati hadi Septemba. Na hapa ndipo mchezo wa mikakati unapomfundisha mtu kitu ambacho mchezo wa mapigano hauwezi kumfundisha. Pigano likiisha, uharibifu haufutiki. Unageuka kuwa miezi, na miezi hiyo adui anaitumia.

Katika Bahari ya Matumbawe, tarehe 8 Mei 1942, Yorktown ya Marekani ilipigwa bomu, na Shokaku ya Japani ikapigwa mabomu matatu. Zote mbili zilirudi nyumbani. Yorktown iliingia Pearl Harbor tarehe 27 Mei ikikadiriwa kuhitaji kama miezi mitatu. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana na kuitoa tarehe 30. Shokaku haikuwa tayari. Zuikaku, dada yake, haikuguswa, ila ilikuwa imepoteza ndege na marubani wengi mno, nayo ikabaki nyumbani. Tarehe 4 Juni, kwenye pigano la Midway, Wajapani walikuwa na meli kubwa nne za kubebea ndege badala ya sita, na Wamarekani walikuwa na tatu badala ya mbili. Hakuna hata moja kati ya hizo tofauti iliyotokana na meli iliyozama katika Bahari ya Matumbawe.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Tarehe 20 Septemba 1914 kruza ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Uingereza imetia nanga Zanzibar, mitambo yake ikiwa kwenye matengenezo, na kuizamisha. Pegasus haikuweza kwenda popote, na hilo lilitosha. Muda mfupi baadaye mitambo ya Königsberg yenyewe iliharibika, bila kombora la mtu yeyote. Wajerumani hawakuwa na gudi (mahali pa kukarabatia meli) la kuaminika upande huu wa dunia, kwa hiyo meli ilijificha kwenye delta ya Rufiji, na vipande vya mtambo vikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Vilivyorudi vilikuta Waingereza wameshaziba midomo ya mto. Meli iliyokarabatiwa ikawa mfungwa. Julai 1915 Severn na Mersey, meli za kina kifupi zenye mizinga ya milimita 152, ziliingia mtoni zikielekezwa na ndege, na tarehe 11 mwezi huo Königsberg ikaisha.

Mchezaji akiielewa Königsberg, anaanza kucheza tofauti. Kabla ya kutuma kruza mbali na nyumbani anaangalia kwanza gudi liko wapi. Anajenga bandari kabla ya kujenga manowari ya tano. Na pigano linapokwenda vizuri, anajua ni lini aache kufukuza.

Uamuzi huo wa kuacha ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu meli iliyojeruhiwa mara nyingi bado inapiga, na mtu anatamani iongeze kombora moja, halafu jingine. Itazame kasi yake. Ikishuka chini ya kasi ya kundi, una njia mbili: kundi zima lipunguze mwendo kwa ajili yake, au ibaki nyuma peke yake. Huko Jutland Lützow ya Ujerumani ilifikia hapo. Ilichelewa, omo ikajaa maji, na kabla ya mapambazuko Wajerumani waliwahamisha mabaharia na kuizamisha wenyewe. Kama meli yako inaingiza maji na mwendo unapungua, igeuze kuelekea bandarini mapema, ipe destroya wawili wa kuilinda, na fanya hivyo jua likiwa bado juu. Giza likiingia, destroya wa adui watakuja na topedo, na meli isiyoweza kukimbia wala kugeuka haraka ndiyo wanayoitafuta.